Mkono Chini ya Boneti

Haya ninayoyaandika sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, Ijumaa ya tarehe 11 Agosti 2023, siku tatu baada ya Nanenane, baina ya saa sita na nusu na saa saba na robo mchana. Nazitaja saa kwa sababu najua jinsi wajane wanavyosikilizwa. Mjane akisema ameona kitu, huambiwa ni huzuni. Akishikilia kwamba ameona, huletewa kombe la aya zilizoandikwa na kuoshwa, anywe. Mimi sikuwa na homa, sikuwa na njaa, wala haukuwa usiku. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha dereva, ndani ya gari la marehemu mume wangu, katika gereji moja ya Chang'ombe, na jua la kipupwe lilikuwa likiwaka kama siku nyingine yoyote.

Kwanza mlijue gari lenyewe, maana bila kulijua hamtaelewa kwa nini mwanamke wa umri wangu alikuwa gereji saa ya sala ya Ijumaa.

Ni gari dogo la Kijapani, jeupe, la mwaka 1996. Marehemu Salum alilinunua Novemba 2004, nasi tukaliona kama limetoka kiwandani jana yake. Alikuwa fundi umeme wa magari katika karakana ya malori karibu na bandari. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, na ndipo nilipoanza masomo ya jioni ya watu wazima, kwa kuwa utotoni nilitolewa shule nikiwa darasa la nne. Mnaweza kukisia aibu ya mwanamke mzima anayepita mitaa ya Temeke na madaftari kwapani. Salum aliiona aibu hiyo, wala hakuitaja. Kila jioni ya masomo alikuja kunisubiri mbele ya lango, amewasha taa ya ndani ya gari, anasoma gazeti, ili kila apitaye aone kwamba mke wake anatoka shule na yeye haoni haya. Alinipa zawadi nyingi katika maisha yake. Hakuna iliyoizidi taa ile.

Somo lililonishinda lilikuwa desimali. Mwalimu alieleza, nami nikatikisa kichwa, kisha nikaja kulia nyumbani. Siku moja Salum akarudi na mita ya kupimia umeme, ile yenye kioo cha tarakimu na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Akaiegemeza dirishani, akawa anapima betri za tochi, nzima na zilizochoka, mimi nasoma. "Soma," anasema. Moja nukta tano. "Soma." Moja nukta moja. Nikikosea hakusema nimekosea. Alisema tu "Soma" kwa mara ya pili, kwa sauti ile ile, wala hakupandisha. Mwaka 2011 nilipofanya mtihani wa kidato cha nne nilipata C ya hisabati, na C ile, niaminini, ni ya betri za tochi.

Tangu hapo nikawa msaidizi wake wa Jumapili. Yeye huinama mbele chini ya boneti. Mimi hukaa kwenye kiti cha dereva. Mita ameiegemeza kwenye kioo cha mbele, inanitazama. Hunitaka nikanyage mafuta polepole na kumsomea namba kwa sauti. Alikuwa akipima kidude kidogo cheusi kilichofungwa ubavuni mwa mlango wa hewa wa injini, ambacho mafundi hukiita sensa ya throto. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kwamba mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani. Mguu ukiwa juu, mita husoma nusu volti hivi. Ukikanyaga hadi mwisho, hufika volti nne na zaidi. Na katikati lazima namba ipande bila kuruka. Haya yote alinieleza. Mimi nilizipenda namba, kidude nikakisahau, na kusahau huko kulikuja kunigharimu.

Salum alifariki Jumatano ya tarehe 8 Februari 2023, kwa presha. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, na gari nalo likakaa uani chini ya turubai kwa muda huo huo, halikuwashwa hata mara moja. Nilitoka eda Ijumaa ya tarehe 16 Juni. Kwetu mwanamke akitoka eda huoga, hubadilisha mavazi, na kila kilichokaa naye katika majonzi hufuliwa: mashuka, mapazia, hata mkeka. Jumamosi yake, wageni walipokwisha kuondoka, nikalitazama gari lile chini ya turubai, nikasema moyoni kwamba nalo limekaa eda, basi nalo litolewe.

Nikalitoa eda. Niliosha nje, nikaosha ndani, kisha nikafungua boneti, nikaimwagia injini ndoo tatu za maji ya sabuni niliyoyatia marashi ya waridi. Niliimwagia kwa kikombe, taratibu, kama aoshavyo mtu. Mtanicheka, na mnayo haki. Lakini siku ile sikuona mwanamke yeyote Temeke aliyekuwa amefanya jambo jema kuliko mimi.

Wiki moja baadaye gari likaanza vituko. Likisimama kwenye taa za barabarani, silensa, yaani mngurumo wa injini mguu ukiwa juu, inapanda na kushuka, kisha linazimika. Nikikanyaga mafuta kidogo, linashtuka na kurukaruka kama punda aliyeumwa na siafu. Taa ya njano ya injini ikawaka, haikuzimika. Nikalipeleka kwa Fundi Zuberi, ambaye alijifunza kazi mikononi mwa Salum. Akabadilisha plagi, akasafisha mlango wa hewa, akabadilisha pampu ya mafuta. Akaniuliza kama kuna kitu chochote kilichofanyika kwenye gari kabla ya hapo. Nikamjibu hapana. Ningemwambiaje fundi aliyefundwa na mume wangu kwamba mke wa mwalimu wake ameiogesha injini kwa marashi?

Mwanangu mkubwa, Idrisa, anafanya kazi Dodoma. Alikuwa amechoka kusikia habari za gari lile. Alinipigia simu akasema, kwa adabu lakini kwa mkato, kwamba baba hayumo humo ndani, na kwamba kuna mtu wa vyuma chakavu yuko tayari kulichukua. Jumapili ya tarehe 6 Agosti, mbele ya shemeji zangu wawili, nikatoa ahadi: ikifika alasiri ya Ijumaa na gari halijatulia, nitatia saini kadi ya gari, lichukuliwe. Mimi si mtu wa kurudi nyuma katika neno langu. Shemeji zangu walilijua hilo, ndiyo maana walinyamaza kwa furaha.

Ndivyo nilivyofika gereji Ijumaa ile, saa sita na nusu. Zuberi na wenzake walikuwa wameshakwenda msikitini. Yupo fundi mmoja Mkristo, Joseph, mtu wa Mwanza, ambaye kwa kawaida hubaki kulinda. Naye alikuwa amevuka barabara kwenda kula kwa mama lishe, lango amelifunga kwa kamba tu. Nikaifungua kamba, nikaingia. Hapakuwa na kiti chenye kivuli, na funguo za gari nilikuwa nazo za akiba, basi nikaingia garini nikaketi. Niliwaza tu kwamba huenda ni mara yangu ya mwisho kuketi pale.

Mtu alitokea kati ya malori mawili mabovu yaliyokuwa upande wa ukuta. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka na kofia aliyoiteremsha hadi kwenye nyusi. Nikamtolea salamu kamili, ya Kiislamu. Hakuitikia. Niliudhika, nikasema moyoni kwamba Zuberi siku hizi anaajiri watu wasio na malezi. Na kama ningekuwa na busara, ningejiuliza ni Mwislamu gani asiyerudisha salamu, au ni mtu gani asiye Mwislamu asiyesema hata "nzuri, mama". Sikujiuliza. Alipita mbele ya gari, akafungua boneti, ikasimama baina yetu, nikawa simwoni tena.

"Fungua swichi," alisema.

Nikazungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi zikawaka, nyekundu na njano. Naapa kwa aliyeniumba, ziliwaka. Kisha mkono ukaegemeza mita kwenye kioo cha mbele, tarakimu zake zikinielekea mimi. Ilikuwa inasoma sifuri nukta nne nane.

"Kanyaga polepole. Soma."

Sauti haikuwa ya Salum. Nataka hilo lieleweke. Ilikuwa sauti kavu, ya mtu asiyezungumza mara kwa mara. Lakini mguu wangu ulijua kazi yake kabla yangu. Nikakanyaga kidogo kidogo, nikasoma: sifuri nukta sita, sifuri nukta tisa, moja nukta mbili, moja nukta nne, sifuri. Sifuri tupu. Kisha ghafla moja nukta tisa, ikaendelea kupanda vizuri hadi mwisho.

"Soma," alisema tena, na sauti haikupanda.

Nikarudia. Pale pale, penye theluthi ya safari ya kanyagio, namba ikaanguka kwenye sifuri na kuibuka mbele. Mara ya tatu ikafanya vile vile. Ndipo nikakumbuka kidude nilichokisahau. Mahali namba ilipoanguka ndipo gari liliporuka kila siku.

Kisha akaniuliza, "Maji yameingiaje humu?"

Nikasema huenda ni mvua.

"Mvua hainuki marashi."

Mnadhani nilicheka? Nikaanza kusema kwamba mtoto wa jirani alikuwa akichezea mpira wa maji, nikaishia katikati, kwa sababu mimi sina mazoea ya uongo na haukunikaa vizuri mdomoni. Nikamwambia kweli. Nikamweleza eda, turubai, ndoo tatu, kikombe. Nilimwambia mtu nisiyemjua jambo nililoshindwa kumwambia mtu yeyote tangu mwezi wa sita, tena nikiwa natazama mita, maana yeye sikuwa namwona. Nilipomaliza hakusema neno la kunilaumu. Nilisikia tu pumzi, kama mtu anayetabasamu kwa pua.

Boneti ikiwa wazi, kuna uwazi mwembamba kati ya ukingo wake wa chini na mwili wa gari, mnaujua. Ukiinama kidogo kwenye kiti cha dereva unaona mikono ya fundi, basi. Niliinama. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika waya, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka katikati, tangu kwenye shina, pande mbili kama kwato za mbuzi. Ukucha ule naujua. Ulipondwa na injini ya lori mwaka 1998, ukaota upya vipande viwili, na kwa miaka ishirini na mitano niliukata mimi mwenyewe, kila Alhamisi, kwa sababu yeye alikuwa akiuogopa.

Sikupiga kelele. Watu huniuliza kwa nini. Ningepigaje kelele? Hofu ilikuwapo, sikatai, lakini ilikuwa ndogo, imekaa pembeni, na penginepo pote palikuwa pamejaa furaha. Niliketi kama nilivyoketi Jumapili zote zile, mguu kwenye kanyagio, nikamsikiliza.

Alisema nimwambie Zuberi kwamba plagi za mwanzo hazikuwa na kosa. Alisema sensa ile imekwisha kuliwa na maji, isipulizwe wala isikaushwe, itafutwe nyingine. Na itakapofungwa, Zuberi asikaze skrubu zake mbili kwa kukisia, akaze akiisoma mita, sifuri nukta tano mguu ukiwa juu. Alisema yote hayo kwa utulivu, jambo baada ya jambo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo safari hii niliitambua:

"Na lile jambo jingine, mama Idrisa, nilitaka nikwambie kwamba..."

Nami nikamkata. Niliita, "Baba Idrisa?"

Mkono ulisimama. Taa za dashibodi zikazimika zote kwa pamoja, na mita haikuwapo tena kwenye kioo. Nilitoka garini, nikazunguka mbele. Boneti ilikuwa wazi. Hapakuwa na mtu, wala hapakuwa na vumbi lililotimka.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Aliyenikuta ni Joseph, anarudi, kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Akaniamkia, shikamoo mama, kisha akauliza nani amefungua boneti. Nikamwambia fundi wenu. Fundi yupi? Mwenye ovaroli ya buluu, nikasema. Ametoka kupima sensa sasa hivi, swichi ikiwa wazi. Joseph akanitazama, akaitazama injini, akakitoa kijiti mdomoni.

"Mama, kapima na umeme upi? Gari halina betri. Nimeitoa mwenyewe saa tatu asubuhi, iko kule ndani inachajiwa."

Akanionyesha kwa kidole. Mahali pa betri palikuwa patupu, nyaya mbili zimefungwa kitambaa kila moja. Nilizungusha ufunguo mbele yake. Haikuwaka hata taa moja.

Joseph ni mtu wa mzaha, na mzaha ndio ngao yake. Akaniuliza kama nilimwangalia mtu yule miguuni, maana huku kwenu pwani, akasema, nasikia majini wanakujaga na kwato. Nikamjibu kwamba sikuona kwato, niliona ndala. "Basi huyo ni fundi kweli," akasema, lakini aliondoka pale akakaa nje ya lango hadi wenzake waliporudi msikitini.

Zuberi alipofika, nilimwambia yote, na nilianza na marashi. Hilo lilikuwa gumu kuliko mzimu. Hakucheka. Aliirudisha betri, akachukua mita yake kutoka kwenye sanduku lililokuwa na kufuli, akaniomba nikae nikanyage. Sifuri nukta nne nane. Moja nukta mbili. Moja nukta nne. Sifuri. Aliichomoa soketi ya sensa akainusa, akampa Joseph ainuse, kisha akakaa chini kwenye tairi akasoma Fatiha, na mimi nikaitikia amina.

Sensa nyingine ilipatikana mtaa wa pili, imetolewa kwenye gari lililogongwa. Zuberi alikaza skrubu zake akisoma mita, kama alivyoagizwa. Saa tisa na dakika hamsini gari liliwaka, likatulia. Silensa ikakaa chini kama maji mtungini. Nikampigia Idrisa simu, nikaishusha karibu na injini, nikamwacha asikilize. Kisha akaniuliza nani amelitengeneza, nikamwambia Zuberi. Siku ile sikumwambia zaidi ya hapo. Nilikuwa bado najifunza kuyasema. Kadi sikuitia saini. Shemeji zangu wameacha kulizungumzia.

Gari ninaliendesha hadi leo, miaka miwili imepita, na halijanizimikia barabarani. Gereji ile siku hizi hufungwa kwa kufuli wakati wa sala ya Ijumaa, na Joseph huenda kusubiri kwa mama lishe, hata kama hana njaa. Mimi nilirudi pale Ijumaa saba mfululizo, saa ile ile, nikaketi garini, swichi wazi, macho kwenye kioo. Hakuja mtu.

Na hili ndilo linaloniamsha kila siku kabla ya adhana: lile jambo jingine. Nimepekua mifuko ya makoti yake yote. Nimefungua madaftari yake ya kazi, ukurasa kwa ukurasa. Nimewauliza rafiki zake wa karakana kama aliwahi kuwaachia neno, nao wakanihurumia kwa macho. Huenda lilikuwa jambo kubwa. Huenda alitaka kuniambia tu kwamba tairi la nyuma kushoto halina upepo. Ningelipokea lolote kati ya hayo kwa mikono miwili. Alikuwa amevuka nisikokujua, amekuja na sentensi yake mkononi, na mimi, niliyefundishwa naye kusoma hadi tarakimu ya mwisho, sikumwacha afike kwenye nukta.

Kwa hiyo nawaonya ninyi mnaosoma, hasa mliofiwa. Fundi akikuuliza gari limefanywa nini, mwambie kweli, hata kama kweli yako inanuka marashi. Lakini zaidi ya hilo: akikujia wako, mchana au usiku, kwa sura yoyote ile, na ukamtambua, usimwite. Jina lake analijua. Kaa kimya, na umwache amalize.